Aliipenda katuni, filamu imemtia jinamizi: nimfanyeje mwanangu?

"Habari za kazi, daktari. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, yuko chekechea. Tangu ana miaka mitatu katuni yake ni moja tu, The Lion King ile ya zamani. Nyimbo zote anazijua ingawa Kiingereza chenyewe anabahatisha. Desemba binamu zake walikuja likizo na flashi yenye ile filamu mpya, ambayo wanyama ni wa kweli. Nikasema si hadithi ni ileile, nikawaacha sebuleni na sabufa yao, mimi niko jikoni napika. Baba simba alipokufa, mtoto akaja mbio jikoni. Hakulia, alinishika kanga tu asiiachie. Leo ni wiki ya tatu. Giza likiingia haendi chooni peke yake. Saa tisa usiku anaamka analia 'fisi, fisi'. Jezi nyekundu ya klabu ya Simba aliyonunuliwa na baba yake ameikataa kabisa. Baba yake anafanya kazi Dar es Salaam, anakuja Ijumaa na treni, anarudi Jumapili. Siku hizi Jumapili ni vita, mtoto anang'ang'ania mguu wa baba mpaka tunambandua kwa nguvu. Mama mkwe anasema nimwonyeshe tena na tena mpaka azoee. Wifi anasema mtoto ameingiliwa na pepo, aombewe. Mimi nimefuta katuni zote kwenye simu na kwenye flashi. Dada yake wa miaka tisa aliitazama mwanzo hadi mwisho na anasema ni nzuri. Je, wale wanyama waliuawa kweli? Na mwanangu nimemharibu?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko mtoto mwenyewe. Hujamharibu. Mtoto aliyetishika akakimbilia kanga ya mama yake ni mtoto anayejua salama yake iko wapi, na hiyo ni kazi uliyoifanya wewe kwa miaka mitano. Wiki tatu za hofu baada ya filamu nzito si jambo la ajabu kwa umri huo. Ni jambo la kushughulikiwa, na nitakueleza namna. Ila kwanza nataka uelewe kilichotokea kichwani mwake, maana ukikielewa utaona mwenyewe kwa nini ushauri wa mama mkwe hauendi, na kwa nini hata ulichofanya wewe cha kufuta kila kitu hakimsaidii sana.

Wanyama hawakuuawa. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa wala kufungwa kamba, kwa sababu hapakuwa na mnyama. Filamu hiyo ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, imetengenezwa kwa kompyuta: kila unywele wa simba, kila jani, kila vumbi linalotimka. Watengenezaji walivaa miwani maalumu iliyowafanya waione mbuga ya kompyuta kama wamesimama ndani yake, wakazungukazunguka humo kama wapiga picha walioko porini. Favreau mwenyewe alisema picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera mahali halisi, nayo ni ile ya kwanza kabisa, jua linapochomoza. Kwa hiyo kwa namna ilivyotengenezwa, hiyo "filamu ya wanyama wa kweli" nayo ni katuni. Na katuni ya mwaka 1994, ingawa ilichorwa kwa mkono, ilisaidiwa na kompyuta kwenye lile kundi la nyumbu wanaoteremka bondeni.

Hilo limekutuliza wewe, sivyo? Sasa jaribu kumweleza mwanao. Utaona hakuna kinachobadilika usoni pake. Hapo ndipo kiini cha jibu langu kilipo.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha utafiti aliowafanyia watoto wa miaka mitatu hadi sita. Alikuwa na paka mpole aitwaye Maynard. Aliwaacha watoto wamwone, wamshike. Halafu alimficha paka upande wa kichwa, akamvalisha barakoa ya mbwa mkali, huku mwili na mkia vikibaki mbele ya macho ya watoto muda wote. Kisha akamgeuza. Wengi wa wale wadogo, wa miaka mitatu, waliogopa: kwao paka alikuwa amekuwa mbwa. Wale wa miaka sita walijua ni Maynard yuleyule aliyevaa kitu usoni. Katikati, kwenye miaka minne na mitano, kulikuwa na mchanganyiko. Mtoto angeweza kusema kwa mdomo kwamba ni paka, na bado asitake kumgusa.

Mwanao yuko hapo katikati. Ukimuuliza mchana, "Yule simba ni wa kweli?" atakujibu "Hapana, ni wa kwenye TV." Wala hakudanganyi. Lakini usiku ukiingia, anachokijua mdomo hakijashuka mpaka tumboni. Katika umri huu jinsi kitu kinavyoonekana kina nguvu kuliko kilivyo. Kwa hiyo tunapomwambia mtoto wa miaka mitano, "Usiogope, si kweli," tunampa dawa ya mtoto wa miaka tisa.

Sasa turudi kwenye sentensi yako, "si hadithi ni ileile." Wazazi wengi wanaoniletea jambo kama hili huanza na sentensi hiyohiyo, na ni haki yao, kwa sababu hadithi kweli ni ileile. Kilichobadilika ni umbali. Mchoro una mstari wa kalamu pembeni, una rangi zisizopatikana porini, na mtoto hata asipojua kulieleza, anaona kwamba hiki ni kitu kilichochorwa. Ule mstari ni kama ua wa nyumba. Mtoto anasimama nyuma yake na kuchungulia jambo kubwa, kifo cha baba, kisha anarudi ndani. Filamu mpya imeung'oa ua.

Halafu kuna nyuso. Simba wa mwaka 1994 ana nyusi, ana midomo inayotabasamu kama ya mtu, akihuzunika unaona. Mtoto mdogo husoma nyuso ili ajue aogope kiasi gani. Hata nyumbani kukitokea kishindo hutazama kwanza uso wako kabla ya kulia. Simba anayefanana na simba halisi hana nyusi za kupandisha wala kushusha, anazungumza na uso umetulia. Mtoto amekosa kiongozi wake. Na wale fisi! Kwenye katuni wanaanguka, wanagombana, wanacheka hovyo, mmoja ulimi uko nje muda wote. Kwenye filamu mpya ni fisi hasa, wanawinda, na giza lao ni giza kweli. Hata urefu si uleule: dakika 88 zimekuwa 118. Huko Marekani ile ya zamani iliruhusiwa kwa watu wa umri wowote, na hii mpya ikapewa alama ya kuwataka wazazi wawe karibu kwanza. Haya yote hukuyajua, na flashi haiji na maelezo.

Hata watu wazima huuhisi ua unapong'olewa. Mwaka 2019 ilipotoka video fupi ya kuitangaza filamu ya Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa michezo ya kompyuta, alikuwa amewekewa meno kama ya binadamu. Watu wazima walilalamika mpaka studio ikamtengeneza upya, na filamu iliyopangwa kutoka Novemba ikasogezwa hadi Februari 2020. Hao ni watu wenye ndevu zao, na hakuna aliyewaambia wameingiliwa.

Kwa mtoto wa Dodoma kuna mambo mawili zaidi ambayo mtoto wa Chicago hana.

La kwanza ni jina. Mtoto wa kule akisikia "Simba" anasikia jina tu, kama sisi tunavyosikia Peter. Wa kwetu anasikia mnyama. Kila mara filamu inapomwita yule mtoto wa simba, kwa sikio la mwanao inamtaja simba yule ambaye babu alimsikia akinguruma. Ndiyo maana hofu imehamia mpaka kwenye jezi. Kwake neno ni moja, mnyama ni mmoja, na yuko kifuani kwenye nembo.

La pili ni fisi. Huku kwetu fisi si mnyama wa kusimuliwa tu, bado anapita. Vijijini Chamwino, Bahi na Chemba watu wanafunga mbuzi mapema kwa sababu yake. Na ana sifa nyingine pia, tumekua tukisikia kwamba wachawi humpanda usiku. Naomba uulize kwa upole, bila kumkaripia mtu, kama binamu au dada wa kazi walimwongezea mtoto hadithi za namna hiyo zile siku za likizo. Mara nyingi filamu hutoa picha, na simulizi za usiku huipa picha ile miguu ya kutembelea hadi mlangoni kwako. Choo chenu kama kiko nje, au taa ya koridoni imeungua, basi mtoto ana sababu tatu kwa wakati mmoja.

Kuhusu hofu yenyewe mwilini nitasema kwa kifupi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayofanya kazi ya mlinzi. Ikisikia kishindo, na sabufa ikinguruma sakafu inatetemeka, haisubiri kuuliza kama ni filamu. Moyo unakwenda mbio, miguu inataka kukimbia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwambia mlinzi "tulia, ni picha tu," bado ni changa kwa mtoto, nayo huendelea kukomaa mpaka ujanani. Ndiyo maana alikimbia kwanza. Hakulia kwa sababu alikuwa bado kwenye mbio.

Nikae kidogo kwenye jambo la baba, maana kwa maoni yangu hilo ndilo zito kuliko fisi. Kwenye hadithi hii baba anakufa akimwokoa mtoto, halafu baba mdogo, ndugu wa yule baba, anamwambia mtoto kwamba kosa ni lake na akimbie asirudi. Mtu mzima anaona uongo ule mara moja. Mtoto wa miaka mitano haoni. Katika umri huo huamini kwa urahisi kwamba mambo hutokea kwa sababu yake: nilimkasirikia baba, ndiyo maana ameondoka. Sasa mtazame mwanao Jumapili jioni. Baba yake anachukua begi na kwenda kwenye treni. Mguu ule anaoung'ang'ania haushiki kwa deko, anazuia kifo.

Muulize mkiwa mmetulia, labda unamwogesha au mnachambua mchele: "Unafikiri kwa nini yule baba simba alikufa?" Usimsahihishe haraka. Akisema "kwa sababu mtoto wake alikuwa mtundu," umepata mlango. Mwambie wazi, "Mtoto hakumuua baba yake. Mtu mzima mbaya alimdanganya. Utundu wa mtoto hauui baba." Na hapa nakuomba jambo ambalo sote tuna kosa nalo. Zile kauli zetu za "utaniua na presha wewe mtoto," ziacheni kwa sasa, wewe, baba na bibi. Sisi tunazisema zikapita, yeye anazibeba hadi kitandani.

Baba asitoroke. Najua inavutia kuondoka akiwa amelala, lakini mtoto akiamka na kukuta baba hayupo, hofu yake inathibitika. Baba amuage, kwa muda mfupi, uso ukiwa umechangamka, asirudi mara mbili mlangoni. Mhesabieni siku kwa kitu anachoweza kukishika: punje tano za mahindi kwenye kikombe, kila asubuhi atoe moja, zikiisha baba anakuja. Baba aache kitu chake kinachonuka yeye, fulana au kofia, na apige simu saa ileile kila jioni. Mtoto akimuuliza, "Baba, utakufa?" asiseme "sitakufa kamwe." Aseme, "Mimi ni mzima, nina nguvu, na natarajia kuwa nawe mpaka uwe mkubwa wa kunizidi." Hilo ni kweli, na linatosha.

Sasa ushauri ulioupata. Mama mkwe ameshika ukweli nusu. Hofu haiishi kwa kuikwepa milele, hapo yuko sahihi. Ila kumrudisha mtoto kwenye kitu kilekile, kwa ukubwa uleule, ni kama kumtupa bwawani mtoto aliyemeza maji jana. Wachache watazoea, wengi watajifunza kwamba hata mtu wanayemkimbilia hawezi kuwalinda. Usifanye hivyo.

Wifi yako naye anampenda mtoto. Kama nyumba yenu ni ya sala, salini naye kabla ya kulala kwa sauti ya chini, mkono wako kichwani pake. Watoto wengi hutulia kwa hilo. Nisichokubali ni mtoto kusimamishwa mbele za watu, kupigiwa kelele na kuambiwa kuna kitu ndani yake. Anaogopa fisi wa nje, usimpe wa ndani.

Na wewe umefuta kila kitu. Naelewa mkono uliobonyeza. Lakini umefuta pia ile katuni ya kuchorwa aliyoipenda miaka miwili, na kwake ujumbe unaweza kuwa kwamba hata mama anamwogopa yule simba. Tutairudisha, ila si leo.

Leo anza na kalamu. Nimekwambia mstari ndio ua wake, basi mpe yeye mwenyewe aujenge. Mwekee makaratasi, au mkaa na ukuta wa uani, mwambie achore fisi. Usimchoree. Akimaliza muulize, "Tumfanyeje?" Atamwekea miguu mifupi, atamnyima meno, atamfungia kwenye boksi, na yote ni sawa. Kesho mfinyange fisi wa udongo, wa kushika, wa kuvunja na kutengeneza tena. Watu wa nchi hii walichora wanyama na watu kwenye mapango na miamba ya Kolo kule Kondoa, michoro ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Walikuwa na sababu zao, siwezi kuwasemea. Ila kila nikikaa na mtoto anayechora kinachomtisha, naona mabega yake yanashuka, na hilo nimeliona mara nyingi.

Kisha mpe mama mkwe kazi, na hii itamfaa kuliko ile ya kuwasha filamu. Asimulie ngano za fisi. Katika ngano zetu fisi ni mlafi na mjinga, sungura anamchezea kila siku. Aanze na yule aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na huku, akaweka miguu kila upande asitake kupoteza chochote, mpaka akapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi. Asimulie saa kumi jioni kwenye mwanga, mtoto yuko mapajani, na paukwa pakawa zote. Mtoto akicheka, mwache acheke sana. Kicheko kile ndicho walichokuwa wanampa wale fisi wa katuni, na filamu mpya ikamnyang'anya.

Baada ya wiki moja au mbili hivi, usiku ukianza kutulia, rudisha katuni ya mwaka 1994. Mchana, mlango wazi, sauti ndogo, sabufa imezimwa, rimoti mkononi mwake. Mwambie, "Ukitaka kusimamisha, bonyeza hapa." Anza na wimbo anaoupenda, dakika tano tu. Kwenye kifo cha baba ruka, au mpitishe yeye mwenyewe kwa kubonyeza. Filamu mpya mwepushe nayo mpaka awe na miaka minane, tisa. Ni nzuri, mimi binafsi niliitazama nikastaajabu, lakini uzuri wake ni wa macho yaliyokomaa.

Usiku akiamka saa tisa, tofautisha mambo mawili. Jinamizi huja usiku wa manane kuelekea alfajiri. Mtoto huamka kabisa, anakutambua, anakumbuka alichoota, anataka kushikwa. Mshike, mwambie uko hapo, mrudishe kitandani kwake, kaa pembeni mpaka apitiwe na usingizi. Hakuna haja ya kuwasha taa zote na kwenda kutafuta fisi chini ya kitanda. Ukitafuta, umekiri anaweza kuwepo. Taa ndogo iachwe ikiwaka, na chandarua kichomekwe vizuri, watoto wengi hukipenda wakiambiwa ni nyumba yao. Kuweweseka ni kitu kingine. Huja saa moja mpaka tatu baada ya kulala, mtoto anapiga kelele macho yamefumbuka lakini hakuoni, na asubuhi hakumbuki kitu. Huyo usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijigonge, itapita. Na usiku wowote akilia huku mwili una joto, mpeleke akapimwe malaria kabla ya kuilaumu filamu.

Binti yako wa miaka tisa usimsahau kwa sababu hakukimbia. Watafiti Glenn Sparks na Joanne Cantor mwaka 1986 waliwaonyesha watoto kipindi cha yule mtu mpole anayegeuka jitu la kijani, Incredible Hulk. Wadogo waliogopa zaidi alipogeuka, kwa sababu ya sura. Wakubwa hawakuogopa sana hapo, walijua ni mtu mwema yuleyule. Wao walihofia zaidi kabla, alipokuwa bado mtu wa kawaida na hatari inamjia. Yaani mtoto mkubwa haogopi meno, anaogopa maana. Anaweza kusema filamu ni nzuri huku moyoni anajiuliza baba akifa wao watarudi kuishi kwa nani. Yeye ndiye wa kumweleza kuhusu kompyuta na lile jua la mwanzo. Mwambie pia kwamba sauti ya Mufasa, yule baba simba, ni ya mwigizaji James Earl Jones, na ndiyo hiyohiyo kwenye filamu zote mbili: "alikufa" mwaka 1994, akarudi miaka 25 baadaye akafa tena kwa sauti ileile. Atafurahi kulijua, na kisha kaa kimya kidogo uone kama ana swali jingine.

Ukitafuta filamu nyingine zilizotokana na katuni, tazama kwanza ni za aina gani. Ile ya Tom and Jerry ya mwaka 2021 iliwaacha paka na panya wakiwa na sura ya katuni, katikati ya watu halisi, kwa hiyo ua bado upo. Cinderella ya mwaka 2015 ni watu wanaoigiza, na mtoto amezoea kuona watu wakiigiza. Aina ya kuangalia kwa makini ni hii ya wanyama waliofanywa waonekane halisi wakipigana na kufa. Tazama dakika ishirini za katikati peke yako kabla hujamwita mtoto, maana mwanzo huwa mtamu siku zote.

Sasa, lini utoke nyumbani kutafuta msaada. Ukifanya haya kwa takriban mwezi mmoja na usiku haubadiliki, nenda. Usisubiri mwezi ikiwa ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, amekataa shule, hali chakula akapungua, anacheza mchezo wa kufa uleule kila siku bila kuchoka wala kucheka, au anasema yeye ni mbaya na bora asingekuwepo. Akiweweseka huku mwili unakakamaa au mkono unarukaruka, hilo ni la daktari mapema, kuondoa wasiwasi wa kifafa. Na kama katika familia kuna mtu aliyefariki karibuni, au kuna jambo lililompata mtoto ambalo amelinyamazia, filamu inaweza kuwa imegusa tu kidonda kilichokuwepo. Nenda mapema.

Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapahapa mjini. Najua jina hilo mitaani kwetu limegeuzwa tusi, na najua majirani wanavyotazama. Lakini wanaopita getini pale si vichaa, ni watu wanaotafuta usingizi kama wewe, na mtoto hapelekwi kulazwa kwa sababu anaota fisi. Anapelekwa azungumze na mtu aliyesomea. Ikikuwia vigumu kutoka, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto.

Kuhusu jezi, usimlazimishe, na usiifiche pia. Itundike anapoiona. Baba akija Ijumaa avae yake, akae naye wasikilize mechi. Mtoto akisogea, amwachie aguse ile nembo kwa kidole. Akiuliza, "Huyu anauma?" baba ajibu, "Huyu ameshonwa kwa uzi. Hebu vuta uone."